Nafasi Moja ya Ijumaa

Chumba namba tisa cha idara ya historia hakikujengwa kwa ajili ya binadamu wenye magoti. Meza ndefu ilikijaza karibu ukuta kwa ukuta, viti vikabaki kubanana pembeni, na mtu wa mwisho akitaka kutoka kwenda haja lazima sita wasimame kumpisha, kwa hiyo watu walijibana. Humo ndani, kila Jumatano saa tisa alasiri, wanafunzi kumi na mmoja walikaa kujadili vita. Si vita vya watu wa mbali. Vita vya kwao, vya wenyewe kwa wenyewe, vile vilivyoanza watu wakinywa chai na vikaisha hakuna aliyebaki na birika.

Mwalimu wa semina alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya upole na swali moja la kumtoa mtu jasho. Ukimwambia mji uliungua siku tatu, yeye: nani kasema? Ukimwambia jeshi lilipita upande wa kaskazini, yeye: nani kasema? Wanafunzi wakampa jina hilohilo, Nani Kasema, naye alilijua na hakununa. Siku ya kwanza aliandika ubaoni maswali matatu, na muhula mzima hakuna aliyethubutu kuyafuta. Nani kasema? Aliyaona au aliambiwa? Nani hayumo?

Utaratibu ulikuwa huu. Kila Jumatano mwanafunzi mmoja alileta kisa cha vita cha nyumbani kwao, kile alichokuwa na hakika nacho kuliko vyote, akakisimulia mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Akimaliza, meza nzima ilikiuliza kisa chake maswali yale matatu. "Tunakiuliza kisa, hatumuulizi mtu," alipenda kusema mwalimu. Maneno mazuri sana hayo, mpaka kisa kiwe chako.

Jumatano ya tisa zamu ikamwangukia Mama Dobi.

Huyu alikuwa na miaka hamsini na minne, mkuu wa dobi katika hospitali kubwa ya mji, mwenye watu kumi na tisa chini yake na mashine nne, moja ikiwa mbovu tangu enzi za mkurugenzi aliyepita. Alijiunga na chuo baada ya watoto wake kumaliza shule, kwa madai kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Wiki ya kwanza alipoingia darasani wanafunzi walisimama wakidhani ndiye mhadhiri. Akawaambia, "Kaeni, wanangu, na mimi nimekuja kufunzwa, mtu mzima ovyo." Wakampenda papo hapo. Naye alikuwa ameingoja zamu yake kwa wiki nane, maana visa vya wenzake alivisikiliza na akaona bila kiburi kwamba chake kinavizidi vyote.

Ila kwanza tuseme ya nyumbani, la sivyo hutamwelewa. Kwa miaka miwili Mama Dobi alikuwa akiishi na mama yake wa kambo, mwanamke wa miaka sabini na minne mwenye magoti mabovu na moyo ambao daktari alisema umechoka. Alimwita Mama Mdogo, kama alivyomwita tangu utotoni. Alimpa dawa kwa saa zake, alimfulia, alimpigia pasi hata leso. Kugombana hawakugombana. Lakini alimtunza kama mtu anavyotunza mali ya serikali: kwa uangalifu mkubwa, na bila mapenzi. Jumamosi ya wiki hiyohiyo, mdogo wake Mama Dobi, mtoto wa kuzaa wa yule bibi, fundi wa lifti mwenye miguu iliyopinda kama upinde, alikuwa aje kumchukua mama yake akaishi naye. Kwake ni safari ya siku mbili. Kwa moyo ule, wote watatu walijua kwamba bibi akiondoka ndiyo imetoka hiyo. Na Mama Dobi, Mungu amsamehe, alikuwa akizihesabu siku, na kila akijikuta anazihesabu alijikemea, kisha akaendelea kuhesabu.

Basi Jumatano hiyo akakaa mwisho wa meza, akakohoa, akaanza.

Alisema baba yake aliuawa mwezi wa pili wa vita, akirudi kazini. Mama yake mzazi alikuwa amekufa zamani. Nyumbani wakabaki watatu: mama wa kambo wa miaka ishirini na saba, mtoto wake wa miezi tisa, na yeye Mama Dobi, binti wa miaka saba. Mji umezingirwa, maji yamekatwa. Mama wa kambo alikuwa mfuaji hospitalini, hospitali ileile. Kwa kuwa majeshi yote mawili yalikuwa na majeruhi mle ndani, yalikubaliana jambo moja tu katika vita vizima, kwamba kila Ijumaa lori la hospitali livuke daraja, lipeleke nguo chafu ng'ambo kwenye maji na kurudi na safi.

"Ijumaa moja asubuhi," alisema, "mama wa kambo alinivalisha magauni matatu, moja juu ya jingine. La juu alikuwa amelishona kwenye ukosi, kwa uzi mwekundu, namba kumi na saba. Kama shuka la wodi. Akanipeleka uani, akanipandisha juu ya magunia, akageuka akaenda zake. Hakunipungia mkono. Nilimwangalia mpaka kona, hakugeuka."

Kisha akasimulia habari za dereva. Dereva aliyempa biskuti iliyovunjika. Dereva aliyesimamishwa darajani, askari akauliza huyu nani, akajibu bila kupepesa macho, "Wa dobi huyu," akaufunua ukosi wa gauni kumwonyesha ile namba, na askari akaamini uongo ule akawapisha. Ng'ambo akamkabidhi kwa shangazi yake, dada wa baba. Mama Dobi akaishi. Kila mwaka tarehe ile alimpelekea dereva mkate aliouoka mwenyewe, hadi mzee yule alipofariki, na sasa aliupeleka kwa mjane wake. Kifungua mimba wake alimpa jina la dereva.

"Kwa hiyo ninachokijua kuhusu vita ni hiki," akamalizia. "Kuna mtu wa nyumbani aliyenitupa kama mzigo, na kuna mtu baki aliyeniokota. Mpaka leo namshukuru yule baki."

Msichana mmoja alikuwa anapangusa macho, na Mama Dobi akaona kazi imefanyika.

Msichana huyo ndiye waliyemwita Pilipili, mdogo kuliko wote, mwenye mdomo usiojua foleni. Akapenga kamasi, akasema, "Mama, samahani. Ulipokuwa ukimpelekea mkate, yule dereva alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa mnyenyekevu sana. Kila mwaka maneno yaleyale. 'Mimi nilishika usukani tu.'"

Mwalimu akageuka akayaandika ubaoni. Nilishika usukani tu. Yakiwa pale juu, kwa chaki, hayakufanana tena na unyenyekevu.

"Nani hayumo?" akauliza mwalimu kwa upole wake ule.

"Mama wa kambo," akajibu kijana mrefu aliyekaa dirishani. "Yumo mwanzoni, halafu anageuka anaondoka. Hatujui alienda wapi."

"Alienda nyumbani kwa mwanawe," akasema Mama Dobi. "Alinitoa ili abaki na mwanawe."

"Nani kasema?"

"Mwalimu, mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo, mama, na uliyaona aliyoyafanya. Nauliza aliyoyataka. Kwamba alitaka kukutupa, nani kasema?"

Mama Dobi jibu alikuwa nalo, ila hakuwahi kulitoa mbele ya watu. "Shangazi," akasema mwisho. "Shangazi ndiye aliyeniambia. Siku nilipofika, akinivua yale magauni. Alisema, 'Yule mwanamke kakutia alama kama shuka, kakutupa.'"

"Shangazi aliyaona au aliambiwa?"

"Alikuwa ng'ambo."

"Na alimpenda huyo wifi yake?"

Hapo hata Pilipili aliinamisha kichwa. Shangazi, Mungu amrehemu, alimchukia yule mwanamke tangu siku ya harusi, na hakuna mtu katika ukoo aliyekuwa halijui hilo.

Alitoka chumba namba tisa amefura. Njia nzima alikuwa akijibizana na watu wasiokuwepo. Eti nani kasema. Vitoto vya juzi, vimezaliwa vita vimeshakuwa mtihani wa kidato cha nne, leo vije kumchokonoa mtu mzima kidonda na kukiita chanzo cha historia. Nyumbani akamkuta Mama Mdogo kakaa kando ya dirisha anakunja nguo za kupakia, akamsalimu, akampa dawa, akaingia jikoni akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Akiwa anasugua, likamjia wazo. Ushahidi upo. Hospitali haitupi karatasi. Haijawahi kutupa karatasi hata moja tangu iumbwe. Lile lori lilikuwa na daftari la geti. Ataenda alitafute, alipate, alibamize juu ya ile meza mbele ya Nani Kasema: haya, soma, imeandikwa hapa, mtoto kapakiwa na magunia.

Kesho yake, Alhamisi, kabla ya zamu, akashuka chini ya jengo la utawala kwa mtunza kumbukumbu. Huyo waliyemwita Vumbi alikuwa mzee mwenye koti la kijivu ambalo huenda lilianza maisha likiwa jeupe. Kwa mtu mwingine angedai barua tatu na mihuri miwili. Lakini Mama Dobi ndiye aliyekuwa akimfulia mapazia ya ofisi bila fomu, na mkono mtupu haulambwi. Baada ya nusu saa akarudi na daftari refu lenye jalada la kitambaa, akalifuta kwa kiwiko.

"Soma hapahapa," akasema. "Ukilia, lia mbali na karatasi. Wino wake mbaya."

"Nilie nini?"

"Wanaokuja kusoma ya miaka ile wote hulia."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha ya wafuaji. Mama Dobi akaitazama kama mtu wa kazi anavyotazama zana za waliomtangulia. Siku hizi alama zilishonwa kwa wodi: wodi ya tatu, wodi ya tisa. Zamani, kumbe, kila mfuaji alikuwa na alama yake mwenyewe, aliyoishona kwa uzi mwekundu kwenye aproni yake na kwenye kila gunia alilolifunga, ili gunia likipotea ajulikane nani wa kuulizwa. Wengi wao hawakujua kuandika. Alama ndiyo iliyokuwa sahihi yao. Akashuka kwa kidole. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Kumi na saba: jina la Mama Mdogo.

Akalisoma mara mbili. Halafu akafunua kurasa za Ijumaa, sasa polepole.

Kulikuwa na safu ya tarehe, safu ya dereva, ya magunia yaliyotoka na yaliyorudi, na mwisho safu nyembamba yenye kichwa cha neno moja tu, Mtu. Juu ya ukurasa karani alikuwa ameandika sheria kwa mwandiko mzuri wa shule: kwamba majeshi yameruhusu mfuaji mmoja kuondoka mjini kila Ijumaa pamoja na lori, kwa zamu iliyopigwa kura, mtu mmoja kwa kila safari, mtoto anyonyaye akipakatwa hahesabiwi. Ijumaa ya kwanza, alama tisa. Ijumaa ya pili, alama nne, na mtoto wa kupakatwa. Ijumaa ya tatu, alama ishirini na moja.

Ijumaa ya nne ilikuwa tarehe yake, ile ya mkate.

"Alama kumi na saba," ilisema. "Nafasi kaitoa kwa mtoto wa kike, miaka saba, mtoto wa marehemu mumewe. Ameelezwa mara mbili kwamba anyonyaye hahesabiwi na kwamba anaweza kwenda na wake. Amesema anajua." Chini yake, dole gumba, jeusi, limekandamizwa kwa nguvu hadi mistari yake imemwagika.

Ukurasa uliofuata, Ijumaa ya tano, ulikuwa na maneno mawili. Daraja limefungwa. Baada ya hapo kurasa nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Mama Dobi alikaa juu ya boksi la mafaili. Alilia, na alilia mbali na karatasi. Akaliona jambo zima, bila mtu kumsimulia: lori linaondoka na nafasi ya yule mwanamke imekaa juu ya magunia, imevaa magauni matatu, na yule mwanamke anarudi mjini na kichanga mgongoni. Dereva hakumdanganya askari hata kidogo. Wa dobi huyu. Mtoto alikuwa na haki ya kupita, na haki yenyewe ilikuwa imeshonwa kwenye ukosi wake na mtu ambaye hakuwa na kalamu. Miezi kumi na mmoja daraja lilikaa limefungwa. Miezi kumi na mmoja mjini watu walikula walichokula. Mdogo wake alitoka humo akiwa na miguu ile, na walipokuwa watoto yeye dada mtu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita Upinde.

"Nilikwambia," akasema Vumbi, akampa leso. Leso ilikuwa safi. Ilifuliwa na dobi wa Mama Dobi.

Aliomba nakala, akaomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka sita, akafika nyumbani saa sita mchana. Mama Mdogo alikuwa palepale dirishani, sanduku limejaa nusu. Akamtazama usoni, akasema, "We mtoto, umefukuzwa kazi?"

"Mama Mdogo. Alama kumi na saba ilikuwa ya nani?"

Mikono ya bibi ikasimama juu ya blauzi. Ikasimama kidogo tu, kisha ikaendelea kukunja. "Mambo ya kazini hayo, zamani."

Mama Dobi akamsomea. Alipofika kwenye "amesema anajua," ikabidi aanze upya. Alipomaliza, alipiga magoti, mtu wa miaka hamsini na minne na uzito wake, akamshika mikono. "Asante," akasema. "Asante, Mama Mdogo. Asante. Sikujua. Nisamehe, sikujua, asante."

"Usinianzie," akasema bibi, na akaonekana kweli ameudhika, kama mtu aliyemwagiwa maji. "Inuka, utashindwa kuinuka. Nenda kale."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nenda kale, nimekwambia."

Zaidi ya hapo hakupata kitu. Mama Dobi alimjua, akikataza amekataza. Akatoka nje kwenye ngazi akampigia mdogo wake, akamwambia tiketi zirudishwe, mama haendi popote, na sababu akamweleza huku akivuta kamasi.

"Najua, dada," akasema fundi wa lifti. "Nilimuuliza habari za miguu yangu nikiwa na miaka kumi na nane, akaniambia yote. Nikamuuliza, na hukujuta? Akanizaba kofi. Halafu akaniapisha nisikwambie."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hiyo? Na mimi nakuita Upinde?"

"Ulikuwa unaniita Upinde na kunibeba mgongoni kwenda shule. Sikuona la kulalamikia." Akacheka kidogo. "Mimi nitakuja kumsalimu tu. Ila kama anataka kubaki atasema mwenyewe, unamjua."

Unamjua. Kweli, alimjua? Aliporudi ndani bibi alikuwa ameacha kukunja. "Nani aliyekuchimbulia haya?" akauliza.

"Darasani. Waliniuliza maswali nikakasirika."

"Wakakuliza?"

"Kidogo."

"Hebu nipeleke nikawaone hao."

Jumatano ya kumi, basi, Mama Mdogo alipanda ngazi za idara ya historia, ghorofa mbili, mkono mmoja kwenye reli na mwingine kwa Mama Dobi, akipumzika kila baada ya hatua nne na kuwatukana wajenzi. Wanafunzi walimpa kiti cha mlangoni. Akaitazama meza. "Hii iliingiaje humu?" akauliza, na Nani Kasema mwenyewe akakiri kwamba swali hilo halina chanzo cha kulijibu.

Mama Dobi alisimama akakisimulia kisa chake upya. Safari hii hakikuwa kizuri kama cha kwanza. Kilikwama, kilirudi nyuma, kilisema "hapa niliambiwa" na "hapa sikuona". Akaisoma nakala. Akasema kwamba yeye bado anamshukuru dereva na ataendelea kumshukuru, kwa biskuti na kwa usukani. Kisha akawageukia wale wenzake, wote watoto wa kuwazaa. "Na ninyi nawashukuru. Wiki iliyopita niliwatukana mpaka nyumbani, hamkusikia, lakini niliwatukana. Mngenionea haya kwa sababu ya umri wangu, mkaacha kuniuliza, mama huyu angeondoka Jumamosi nikamkunjia nguo huku nafurahi. Mmeniokolea mama yangu. Mungu awape."

Pilipili alikuwa analia waziwazi, hana habari. Mwalimu akageuka kwa bibi na, kwa heshima zote, akamuuliza kama anaweza kuulizwa.

"Uliza. Nimepanda ngazi zote zile ili niangaliwe?"

"Karani alikueleza mara mbili kwamba unaweza kwenda na mwanao. Kwa nini ulimpeleka huyu?"

Mama Mdogo alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyesoma sana. "Mdogo alikuwa na titi," akasema. "Mkubwa alikuwa na nini?"

Hakuna aliyeandika. Dirishani kijana mrefu alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, haiteremki.

"Lakini bibi," akasema Pilipili, maana lazima aseme. "Hukumpungia hata mkono."

"Ningegeuka ningemteremsha."

"Na baadaye? Vita vimeisha, umemfuata kwa shangazi yake umemrudisha nyumbani, amekununia miaka yote hiyo. Kwa nini hukumwambia?"

Bibi akamtazama Mama Dobi, ambaye kwenye pochi alikuwa na kurasa mbili za shukrani alizoziandika usiku kucha na kuziandika upya, tayari kuzisoma mbele ya wote.

"Ningemwambia, angeamka kila siku akinishukuru," akasema Mama Mdogo. "Angekula akishukuru, angevaa akishukuru, angevunja kikombe akatetemeka. Anayeishi hivyo ni mgeni. Mimi nilikuwa nimezika mume, mji umeungua, nilichotaka ni watoto wawili ndani ya nyumba. Nilipomrudisha alininunia. Alibamiza milango. Akiwa na miaka kumi na mitatu aliniita mchawi, mbele ya majirani. Nikasema, haya, huyu yuko kwao."

Mama Dobi aliziacha zile kurasa mbili mumohumo kwenye pochi. Shukrani ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na akaelewa kwamba hakuna mahali pa kuiweka, kwamba mwenyewe haitaki, haijawahi kuitaka. Akasimama pale, machozi yanamtiririka, akatafuta kitu kingine cha kumpa.

"Umenificha miaka arobaini na saba," akasema. "Nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana, Mama, na tukifika nyumbani lile sanduku nalirudisha juu ya kabati, na sitaki kusikia neno."

Bibi akamsikiliza hadi mwisho. Uso wake ukafunguka taratibu, akawa kama mtu aliyefikishiwa habari njema kutoka mbali.

"Haya," akasema. "Umekasirika. Sasa nipe mkono tushuke."

Mama Dobi akampa mkono, bado amenuna, wakaanza kushuka.